MAFUTA YAKIMWAGIKA BANDARINI
Matayarisho ya Kuikinga Kilindini na Watu Wake

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya watu wa pwani, na kwa ajili ya wote wa bara wanaotumia mafuta yapitayo Mombasa.)

Mkulima wa Kitui awashaye taa ya mafuta jioni, na karani wa Nairobi apandaye basi asubuhi, huenda wasiione bahari maishani mwao. Walakini wote wawili huitegemea bandari ya Mombasa. Mafuta ya taa, petroli na dizeli zinazotumiwa katika Kenya huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda hupita njia hiyo hiyo. Meli hizo huingia katika mlango wa Kilindini, hupita mbele ya kivuko cha Likoni ambako maelfu ya watu huvuka kila siku, kisha hufunga gatini Shimanzi au Kipevu. Gati la kwanza la mafuta pale Kipevu lilianza kazi mwaka 1963. Gati jipya, lililojengwa katikati ya maji, lilifunguliwa mwaka 2022, nalo laweza kupokea meli 4 kwa wakati mmoja.

Hii ni neema kubwa kwa nchi. Lakini bandari ipokeayo mafuta mengi yapasa pia kujiuliza swali moja gumu: siku mpira wa kuteremshia mafuta utakapopasuka, au meli itakapogonga gati na kutoboka, nani atafanya nini katika saa ya kwanza? Hotuba hii ni juu ya swali hilo.

MAMBO YALIYOKWISHA KUTOKEA

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka mjini Mombasa, na mafuta yapatayo tani 5,000 yakamwagika na kuteremkia hori ya Makupa. Mikoko iliyosimama kando ya maji ikafa. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalivuja tena kutoka katika meli moja ndani ya bandari ya Kilindini, nayo yakachukuliwa na maji hata kuingia katika mikoko ya Port Reitz.

Mtu wa bara aweza kuuliza: mikoko ni miti tu, kwa nini kuililia? Jibu lake ni hili. Mkoko husimama katika tope lisilo na hewa. Kwa hiyo mti huo huvuta pumzi kwa mizizi iliyo juu ya tope: mkoko wenyewe kwa mizizi yake iliyopinda kama miguu ya kaa, na mchu na mlilana kwa mizizi inayochomoza wima kama penseli. Mafuta yakiipaka mizizi hiyo huziba matundu yake, na mti hufa kama mtu aliyezibwa pua na kinywa. Na mti ukifa, hapakosekani mti peke yake. Chini ya mikoko ndipo kamba na samaki wengi wanapokulia wakiwa wadogo. Ndipo kaa hupatikana. Ndipo chaza hushika juu ya mizizi. Mvuvi wa Tsunza au wa Mtongwe, mwenye ngalawa na dema chache tu, hana shamba jingine ila hilo. Tena mafuta yakishazama katika tope hukaa humo miaka mingi, na miche ikipandwa mahali hapo hushindwa kustawi.

MWENDO WA MAFUTA JUU YA MAJI

Yafaa kila mtu aelewe jinsi mafuta yanavyokwenda, maana hapo ndipo mpango wote unapojengwa. Mafuta mepesi kama petroli hupotea hewani upesi, lakini moshi wake usioonekana hushika moto kwa cheche ndogo. Mafuta ghafi hupoteza sehemu yake nyepesi katika siku ya kwanza. Yanayobaki huwa mazito, huchanganyika na maji ya bahari yakipigwa na mawimbi, na kugeuka uji mzito wa rangi ya kahawia. Uji huo waweza kuwa mara 3 au 4 ya mafuta yaliyomwagika mwanzoni. Kwa hiyo anayechelewa siku moja hakuti kazi ile ile aliyoiacha; huikuta imekua.

Tena mafuta hayakai mahali pamoja. Huchukuliwa na mkondo wa maji kwa mwendo ule ule wa mkondo, na upepo nao huyasukuma kwa kadiri ya sehemu 3 katika 100 za mwendo wake. Wazee wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za bamvua na maji mafu, wala za kusi na kaskazi. Katika Kilindini maji ya bamvua hupanda mita 3 na zaidi, na hori zote hujazwa kwa muda upatao saa 6. Mafuta yakimwagika Kipevu maji yaanzapo kujaa, yaweza kuwa yamekwisha kufika ndani ya mikoko kabla maji hayajaanza kupwa. Basi muda wa kuyazuia si juma, wala si siku. Ni saa chache tu.

MPANGO ULIOKUWA KARATASINI

Watu wengine hudhani kwamba nchi tajiri haziwezi kukutwa bila matayarisho. Habari za Valdez zaonyesha sivyo.

Valdez ni bandari ndogo katika jimbo la Alaska, Marekani, mahali ambapo bomba kubwa la mafuta kutoka kaskazini humalizikia, tangu mwaka 1977. Bandari hiyo ilikuwa na mpango wa kupambana na mafuta, ulioandikwa vizuri na kupigwa muhuri. Kwa miaka 12 meli ziliingia na kutoka bila ya msiba mkubwa, na watu wakazoea. Tarehe 24 Machi 1989, dakika chache baada ya saa sita za usiku, meli iitwayo Exxon Valdez, iliyokuwa imeondoka bandarini humo jioni ile, ilipanda mwamba wa Bligh. Mafuta yapatayo tani 37,000 yakamwagika baharini.

Mpango ulisema vyombo vifike upesi. Lakini tishari lililopasa kubeba vyombo hivyo lilikuwa limeharibika na kuwekwa kando ili litengenezwe, na vyombo vyenyewe vilikuwa vimeshushwa. Ilibidi watu wavitafute na kuvipakia upya usiku katika baridi. Zaidi ya saa 12 zilipita kabla ya tishari kuifikia meli. Kwa bahati bahari ilikuwa shwari karibu siku 3; lakini matayarisho yalikuwa haba, na nafasi ile ikapotea. Kisha dhoruba ikavuma, na mafuta yakatawanyika hata yakachafua pwani yenye urefu wa kilomita 2,000 na zaidi. Ndege wa baharini walikufa kwa maelfu mengi, na wavuvi wakafungiwa uvuvi wao mwaka ule.

Hapo palikuwa na karatasi na palikuwa na fedha. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kila juma: tishari liko wapi, na je, liko tayari leo?

Baada ya msiba ule watu wa Valdez walijifunza. Meli iliyobeba mafuta sasa husindikizwa na tagi mbili hata ifike bahari kuu. Na mamia ya wavuvi wameandikishwa pamoja na mashua zao. Hufundishwa kila mwaka, hulipwa kwa kazi ya mazoezi, na siku ya hatari huitwa kama askari wa akiba. Wale waliokuwa watazamaji wa msiba wamefanywa walinzi.

DAWA ILIYOZIDISHA UGONJWA

Jambo la pili la kujifunza latoka Uingereza. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya Torrey Canyon, iliyobeba mafuta ghafi kiasi cha tani 119,000, ilipanda miamba karibu na pwani ya Cornwall. Msiba mkubwa namna hiyo ulikuwa haujapata kutokea, wala hapakuwa na mpango. Ndege za kijeshi zilitumwa kuipiga meli mabomu ili mafuta yaungue. Na juu ya miamba na fukwe zikamwagwa dawa za sabuni kiasi cha tani 10,000, ili kuyeyusha mafuta. Dawa hizo zilikuwa na sumu. Zikawaua viumbe wa miambani ambao mafuta peke yake yasingaliwaua wote, na mahali palipomiminwa dawa nyingi palichelewa kupona kuliko mahali palipoachwa.

Dawa za siku hizi zina sumu kidogo kuliko zile, nazo zaweza kufaa katika bahari yenye kina na mwendo wa maji. Walakini ndani ya hori yenye maji machache, juu ya mikoko na mazalio ya samaki, hazifai. Uamuzi wa wapi zitumike na wapi zisitumike hauwezi kuachwa mpaka siku yenyewe, wakati kila mtu anapiga kelele na wakubwa wanataka kuonekana wakifanya kitu. Yapasa uwe umekatwa mapema, kwa utulivu, na kuandikwa juu ya ramani.

MPANGO ULIO HAI

Katika Kenya, Mamlaka ya Bahari ndiyo yenye dhamana ya mpango wa taifa wa kupambana na mafuta baharini, ikisaidiana na Mamlaka ya Bandari, kampuni za mafuta, walinzi wa pwani, idara za mazingira na za samaki, na serikali za kaunti. Mipango ya namna hii hugawanywa katika ngazi 3. Mmwagiko mdogo huzuiwa na wenye gati wenyewe kwa vyombo vyao. Ule wa kadiri huita bandari nzima na majirani wote wenye vyombo. Ule mkubwa huita msaada wa taifa na wa nchi za nje. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini ili mpango uwe hai, mambo 5 yapasa kutazamwa.

Kwanza ni amri. Lazima awepo mkuu mmoja anayejulikana kwa cheo chake, pamoja na wa pili wake asipokuwepo. Kwa mfano, petroli ikimwagika karibu na Likoni, nani ana ruhusa ya kusimamisha kivuko papo hapo? Kama jibu ni kwamba patafanywa mkutano kwanza, basi mpango haujawa tayari.

Pili ni ramani ya kuchagua. Hapana bandari duniani yenye uzio wa kuelea wa kutosha kuzunguka kila hori. Kwa hiyo wenye mpango lazima waseme mapema ni wapi patakingwa kwanza, na ni wapi mafuta yataachwa yaende ili yakusanywe. Hili ni neno zito, maana ufuko utakaoachwa nao una watu wake. Ndiyo sababu vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo havina budi kuitwa ramani inapochorwa. Mvuvi anajua mkondo unakopinda na kaa wanakozaa kuliko karatasi yoyote. Tena mtu aliyeshauriwa atavumilia lile ambalo mtu aliyefichwa hatalisamehe.

Tatu ni vyombo na ufundi wa kuvitumia. Uzio wa kuelea ukiwekwa kukingama mkondo wenye mwendo wa zaidi ya kiasi cha robo tatu ya maili ya bahari kwa saa, mafuta hupita chini yake. Sharti uwekwe kwa mshazari, ili uyaongoze mafuta hadi kando penye maji yaliyotulia, ambapo mashine za kuengua huyaondoa juu ya maji kama mama aenguavyo utando wa maziwa. Kazi hiyo huhitaji mikono iliyozoea. Na ghala la vyombo liwe karibu na maji, ufunguo uwe kwa mtu anayelala karibu, na injini iwashwe mara kwa mara hata pasipo na hatari.

Nne ni takataka. Watu husahau ya kwamba mafuta yaliyokusanywa, pamoja na mchanga, majani na nguo zilizochafuka, yaweza kuwa mengi kupita mafuta yenyewe yaliyomwagika. Pasipotayarishwa mashimo yenye kitambaa kisichopitisha maji, mbali na visima, taka hizo zitatupwa ovyo, na msiba wa bahari utakuwa msiba wa maji ya kunywa.

Tano ni mazoezi. Mazoezi yanayofanywa mchana, kwa tarehe iliyotangazwa, mbele ya wageni walioketi kivulini, ni mazuri kwa picha. Yale ya kweli huanza usiku wa manane, au siku ya sikukuu, bila ya taarifa, maji yakijaa na upepo ukivuma. Hapo ndipo itakapojulikana kama simu hujibiwa na kama mashua ina mafuta ya kwendea. Makosa yatakayoonekana yaandikwe na kutengenezwa kabla ya zoezi lijalo.

KAZI YA MWANANCHI

Yaliyotokea Mauritius yafaa kukumbukwa na kila mtu wa Bahari ya Hindi. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba kusini-mashariki mwa kisiwa hicho. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa na mafuta ya injini zake tu. Siku 12 baadaye ikapasuka, na mafuta yapatayo tani 1,000 yakamwagika. Wananchi hawakukaa kungoja. Walishona vitambaa virefu, wakavijaza majani makavu ya miwa, wakavifunga chupa za plastiki ili vielee, na kuvitandaza baharini kuzuia mafuta. Moyo wao wastahili sifa. Lakini wengi walifanya kazi hiyo bila ya nguo za kuwakinga, wakivuta harufu yenye madhara. Moyo kama huo waweza kuokoa mengi zaidi ukiwa umefundishwa mapema.

Basi mtu wa pwani ya Kilindini na afanye hivi. Aonapo mafuta juu ya maji atoe habari mara moja kwa askari, walinzi wa pwani au mkuu wa kikundi cha wavuvi. Aseme mahali, saa, rangi ya mafuta, na upande yanakoelekea. Asiwashe moto wala sigara. Awaondoe watoto majini. Asiingie mikokoni kwa miguu akidhani anasafisha, kwa sababu kila hatua huyashindilia mafuta ndani ya tope. Wala samaki wanaonuka mafuta wasipelekwe sokoni.

Na mtu asiende na debe kuchota. Juu ya hili nchi hii imekwisha kulipa kwa roho za watu. Mwaka 2009 pale Sachangwan, karibu na Molo, watu walikusanyika kuchota mafuta ya lori lililopinduka, na moto ukawaka. Mwaka 2011 pale Sinai, jijini Nairobi, ikawa vivyo hivyo kwa mafuta yaliyovuja kutoka katika bomba. Kila mara walikufa watu wapatao 100 au zaidi. Petroli juu ya maji ya bahari haina huruma zaidi kuliko petroli juu ya nchi kavu.

HAKI YA ALIYEPATA HASARA

Mwisho ni habari ya fidia. Baada ya msiba wa Torrey Canyon mataifa yalifanya mapatano kwamba mwenye meli ya mafuta alipe hasara aliyoileta, na kwamba uwepo mfuko wa kimataifa wa kulipa pale fedha za mwenye meli zisipotosha. Kenya imo katika mapatano hayo. Mvuvi aliyepoteza kazi yake aweza kudai. Lakini madai hutaka ushahidi, na muda wake una mwisho: miaka 3 tangu hasara ilipotokea, mtu asipofika mahakamani haki yake yaweza kupotea. Kwa sababu hiyo yafaa kila mvuvi, na kila mama auzaye samaki, aweke daftari dogo tangu leo: samaki kiasi gani, siku gani, kwa bei gani. Asiye na hesabu ya siku za neema hataweza kuonyesha kilichopungua siku ya dhiki.

Mabibi na Mabwana, wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Meli za mafuta zitaendelea kuja, kwa kuwa nchi yazihitaji. Nyingi zitateremsha mizigo yao na kuondoka salama, na hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa maana salama ya muda mrefu huwalaza walinzi. Wenye gati na waangalie vyombo vyao juma hili. Wakubwa na wawaite wavuvi kabla ya zoezi lijalo. Na wavuvi wakiitwa waende, wakaseme wanayoyajua, ili siku king'ora kitakapolia usiku katika Kilindini kila mtu ajue mahali pake pa kusimama.